Kutabiri Utamu wa Mchanganyiko wa Viongeza Utamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watengenezaji wadogo wa juisi na sharbati, wanafunzi wa sayansi ya chakula, na yeyote aliyewahi kusoma kibandiko cha soda isiyo na sukari akajiuliza kwa nini humo mna viongeza utamu viwili au vitatu badala ya kimoja. Maswali yamepangwa kuanzia yale ya msingi, na hesabu zilizomo zinahitaji kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu.

Utamu hupimwa kwa kipimo gani?

Hakuna chombo kinachopima utamu moja kwa moja kama kipimajoto kinavyopima joto. Utamu ni hisia ya mwanadamu, kwa hiyo hupimwa kwa kulinganisha: waonjaji hupewa maji yenye sukari ya kawaida kwa viwango vinavyojulikana, kisha hupewa kinywaji kinachochunguzwa na kuulizwa kinalingana na kiwango kipi. Kinywaji kinacholingana na maji yenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 tutasema kina utamu wa daraja la 10. Soda nyingi za kawaida zipo karibu na daraja la 10 au 11. Kwa kuwa sukari ndiyo rula yenyewe, daraja lake hupanda sawasawa na kiasi chake, lakini viongeza utamu vingine havifuati mwendo huo, na hapo ndipo ugumu wote wa kutabiri unapoanzia.

Nikisoma kwamba aspatamu ni tamu mara 200 kuliko sukari, je, si nizidishe tu?

Hapana, na kwa maoni yangu takwimu hiyo ya "mara 200" imepoteza watu wengi kuliko ilivyowasaidia. Si takwimu ya uongo, ila ni kweli kwa kiwango fulani tu cha utamu. Katika kinywaji hafifu cha daraja la 2, aspatamu inaweza kufikia mara 250 ya sukari au zaidi; katika kinywaji cha daraja la 10, nguvu hiyo hushuka hadi kuikaribia mara 100. Asesalfemu K, ambayo nayo hutangazwa kuwa tamu mara 200, hushuka kwa kasi kubwa zaidi. Kadiri unavyoongeza dutu hizi, kila miligramu inayofuata huleta utamu mdogo kuliko ile iliyotangulia.

Kwa sababu hiyo, orodha zinazosema sakarini ni mara 300, sukralosi mara 600, na taumatini mara 2,000 au zaidi zichukuliwe kama utambulisho wa dutu, si kama kanuni ya kupikia.

Basi itumike kanuni gani?

Itumike kanuni inayokubali kwamba utamu una kikomo. Lloyd Beidler, mtafiti wa Marekani, alipendekeza mlinganyo wa namna hiyo mwaka 1954, na mwaka 1991 Grant DuBois na wenzake walichapisha vipimo vya viongeza utamu vingi vilivyopangwa kwa mtindo uo huo. Mlinganyo wenyewe ni huu:

utamu = (K × C) ÷ (N + C)

C ni miligramu za kiongeza utamu katika lita moja. K ni daraja la juu kabisa ambalo dutu hiyo ingeweza kulikaribia hata ikimiminwa bila kiasi. Na N ni kiasi kinachotosha kufikia nusu ya daraja hilo. Kwa aspatamu, K ni takriban 16 na N ni takriban 560. Kwa asesalfemu K (herufi hiyo ni sehemu ya jina lake tu), K ya mlinganyo ni takriban 11.6 na N ni takriban 470. Kwa rebaudiosidi A, ambayo ni moja ya dutu tamu za jani la stevia, K ni takriban 10 na N ni takriban 200.

Namba hizi zilipatikana kwa waonjaji waliofunzwa na kwa maji matupu. Zichukuliwe kama mahali pazuri pa kuanzia, kwa maana waonjaji wengine na kinywaji kingine vitazisogeza kidogo.

Naomba mfano wenye namba.

Tuchukue vinywaji vitatu, kila kimoja kikiwa na jumla ya miligramu 500 za viongeza utamu kwa lita. Cha kwanza kina aspatamu tupu, cha pili kina asesalfemu K tupu, na cha tatu kina miligramu 300 za aspatamu pamoja na miligramu 200 za asesalfemu K. Anayezidisha kwa 200 atatabiri jibu moja kwa vyote vitatu: miligramu 500 mara 200 ni gramu 100 za sukari kwa lita, yaani daraja la 10.

Mlinganyo unatoa picha tofauti kabisa. Aspatamu tupu inafika 16 × 500 ÷ 1,060, yaani karibu 7.5. Asesalfemu K tupu inafika 11.6 × 500 ÷ 970, yaani karibu 6. Katika kinywaji cha tatu, miligramu 300 za aspatamu zinatoa 5.6, na miligramu 200 za asesalfemu K zinatoa 3.5, ukijumlisha unapata daraja la 9. Uzito wa viongeza utamu ni uleule, lakini mchanganyiko unaonekana kushinda kila dutu ikiwa peke yake, na hata hatujadai kwamba dutu hizo mbili zinasaidiana kwa namna yoyote. Ushindi huo umetokana na umbo la grafu tu: kila dutu imetumika katika sehemu ya mwanzo ya mwendo wake, mahali ambapo miligramu bado ina nguvu.

Mwenye kuelewa mfano huu ameshaelewa sababu kubwa ya viwanda kuchanganya. Kufikia daraja la 10 kwa aspatamu peke yake kunahitaji takriban miligramu 930 kwa lita. Kwa asesalfemu K peke yake, mlinganyo unadai karibu miligramu 2,900, kiasi ambacho hakinyweki kwa uchungu wake. Lakini daraja la 5 kutoka kwa kila mmoja linahitaji miligramu 255 za aspatamu na 356 za asesalfemu K, jumla 611.

Je, ni halali kujumlisha madaraja ya dutu mbili namna hiyo?

Hili ndilo swali zito kuliko yote katika ukurasa huu, na linastahili jibu refu.

Jaribu kujumlisha aspatamu na aspatamu. Bilauri moja ina miligramu 255 kwa lita na daraja lake ni 5. Tuseme mtu anakuambia atatia dutu ya pili, nayo pia kwa kipimo cha kutoa daraja la 5, lakini hakwambii kwamba dutu hiyo ya pili ni aspatamu ileile. Kanuni ya kujumlisha madaraja inatabiri 10. Hali halisi ni kwamba sasa kuna miligramu 510, na mlinganyo unatoa 7.6. Mtafiti asiyejua angeandika kwamba dutu hizo mbili zinapunguzana nguvu kwa karibu robo, hitimisho la ajabu, kwani dutu haiwezi kujipinga yenyewe.

Kwa hiyo kuna kanuni ya pili, inayojumlisha vipimo badala ya madaraja. Kwa daraja lolote unaloliwazia, tafuta kiasi ambacho kila dutu ingehitaji kulifikia ikiwa peke yake; kisha gawanya kiasi kilichomo katika mchanganyiko kwa kiasi hicho. Daraja linalofanya sehemu hizo zijumlike kuwa 1 kamili ndilo utabiri. Kwa aspatamu na aspatamu, kanuni hii inatoa 7.6, kama inavyopasa. Kwa kinywaji chetu cha tatu, chenye miligramu 300 na 200, inatoa karibu 6.9.

Hivyo tuna tabiri mbili za kinywaji kimoja: 6.9 na 9. Ya kwanza inafaa zaidi pale ambapo dutu mbili zinafanya kazi kwa njia moja, kana kwamba moja ni sura nyingine ya mwenzake. Ya pili inafaa zaidi pale ambapo kila moja ina njia yake. Ushauri wangu ni kuzikokotoa zote mbili na kuzichukua kama mipaka ya kuanzia majaribio, kisha kuwaachia waonjaji waseme ukweli uko wapi. Pia, msomaji anapokutana na tangazo kwamba viongeza utamu fulani "vinaongezeana nguvu kwa asilimia 30", aulize kwanza: asilimia 30 juu ya utabiri upi? Asilimia 30 juu ya 6.9 ni 9, yaani jibu lilelile ambalo kanuni ya kujumlisha madaraja ingelitoa bila kudai muujiza wowote.

Tofauti kati ya kanuni hizo mbili ni kubwa wakati wote?

La. Katika viwango vya chini, grafu za dutu zote zinakaribia kuwa mistari iliyonyooka, na kanuni zote mbili zinakaribiana. Miligramu 130 za aspatamu na 100 za asesalfemu K zinatoa 5 kwa kujumlisha madaraja, na 4.3 kwa kujumlisha vipimo. Pengo hilo la chini ya daraja moja ni dogo mno kulinganisha na pengo la zaidi ya madaraja mawili tuliloliona juu.

Kwa nini dutu nyingine huongezeana nguvu kweli?

Ulimi hutambua utamu kwa kipokezi kimoja kikuu, kilichoundwa na protini mbili zilizoshikana, zinazojulikana kwa alama T1R2 na T1R3. Tangu kipokezi hicho kilipobainishwa mwaka 2001, imeonekana kwamba kina sehemu zaidi ya moja za kushikiwa. Aspatamu hushika upande wa nje wa T1R2. Saiklameti hushika mahali pengine kabisa, katika sehemu ya T1R3 inayopita ndani ya utando wa seli. Sukari ya kawaida inaweza kushika pande za nje za protini zote mbili. Dutu mbili zinapokaa sehemu mbili tofauti za kipokezi kilekile, kila moja inaweza kukifanya kiitikie wepesi zaidi kwa mwenzake, na matokeo yakazidi utabiri wa kujumlisha vipimo.

Uchungu nao una nafasi yake. Sakarini na asesalfemu K, zikiwa nyingi, huamsha pia vipokezi vya uchungu, na uchungu hufunika utamu. Zikipunguzwa kwa kuchanganywa na dutu nyingine, uchungu hushuka na utamu uliokuwa umefunikwa hujitokeza. Mwonjaji huona utamu umeongezeka, ilhali kilichotokea ni kwamba kizuizi kimeondolewa.

Ni jozi zipi zinazojulikana zaidi?

Jozi yenye historia ndefu ni saiklameti na sakarini, kwa uwiano wa sehemu 10 kwa 1. Saiklameti ina nguvu ya mara 30 hadi 40 tu na sakarini mara 300 au zaidi, kwa hiyo uwiano huo huzifanya zichangie utamu unaokaribiana. Ndizo zilizotumika katika soda zisizo na sukari nchini Marekani katika miaka ya 1960, ikiwemo Tab iliyotolewa na Coca-Cola mwaka 1963. Oktoba 1969 serikali ya Marekani ilitangaza kuiondoa saiklameti sokoni, na watengenezaji wakabaki na sakarini peke yake pamoja na uchungu wake, hadi aspatamu iliporuhusiwa katika soda mwaka 1983. Nchi nyingine nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, bado zinairuhusu saiklameti. Kwa nini jozi hiyo ilikuwa na ladha safi kuliko kila dutu peke yake ilielezwa vizuri mwaka 2017, watafiti wa Ujerumani walipoonyesha kwamba saiklameti huzuia vipokezi vya uchungu vinavyoamshwa na sakarini, na sakarini nayo huzuia kipokezi cha uchungu kinachoamshwa na saiklameti.

Jozi ya pili, ambayo leo ndiyo inayoonekana zaidi madukani, ni aspatamu na asesalfemu K, zenye alama E951 na E950 kwenye vibandiko. Ipo hata chumvi moja inayoziunganisha kikemia, E962, yenye aspatamu takriban asilimia 64 kwa uzito.

Susan Schiffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walichunguza michanganyiko ya jozi za viongeza utamu 14 mwaka 1995. Ukisoma kazi za namna hiyo utaona kwamba kuongezeana nguvu si tabia ya jumla ya viongeza utamu: jozi nyingine huongezeana, nyingine hujumlika tu, na nyingine hudumazana, na jozi ileile hubadilika kulingana na ukolevu. Hakuna njia ya mkato ya kujua bila kuonja.

Na sukari za asili, kama glukosi, fruktosi na asali?

Hapa mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu sukari hizi zina nguvu zinazokaribiana na kwa kawaida hujumlika bila vituko. Glukosi ni takriban 0.7 ya sukari ya kawaida. Maltosi ni takriban 0.4. Maji yenye gramu 6 za sukari na gramu 4 za glukosi katika mililita 100 yatakuwa karibu na daraja la 8.8, au chini kidogo ya hapo, kwa kuwa glukosi ikiwa hafifu hupungukiwa nguvu.

Fruktosi ndiyo inayohitaji uangalifu, kwani utamu wake hutegemea joto. Katika kinywaji baridi cha nyuzi 5 huwa takriban mara 1.4 ya sukari. Katika nyuzi 40 hulingana na sukari. Na katika nyuzi 60 hushuka hadi karibu 0.8. Sababu ni kwamba molekuli za fruktosi hubadilika umbo kadiri joto linavyopanda, na maumbo yanayoongezeka ni yale yasiyo matamu sana. Asali, ambayo takriban asilimia 38 ya uzito wake ni fruktosi na 31 ni glukosi, hubeba tabia hiyo: asali iliyotosha katika juisi ya ukwaju iliyotoka kwenye jokofu inaweza kuonekana haba katika chai ya moto.

Kwa uzito, hesabu inaipa asali kati ya 0.7 na 0.9 ya sukari. Wengi watapinga, kwa kuwa kijiko cha asali ni kitamu kuliko kijiko cha sukari. Wako sahihi pia: asali ni nzito, na kijiko kimoja chake hubeba zaidi ya mara moja na nusu ya uzito wa kijiko kilichojaa sukari hadi ukingoni. Ndiyo maana hesabu za utamu zifanywe kwa mizani.

Kwa nini stevia peke yake haifikii utamu wa soda?

Tazama tena K ya rebaudiosidi A, yaani daraja lake la juu kabisa: takriban 10. Mlinganyo unasema kwamba daraja la 10 halifikiwi kwa kiasi chochote, na kila hatua ya kulikaribia inagharimu mara nyingi ya ile iliyotangulia, huku ladha chungu ikizidi kujitokeza. Miligramu 200 kwa lita zinatoa daraja la 5. Kupata 8 kunahitaji 800. Kwa hiyo stevia, ambayo hata Kericho nchini Kenya imelimwa kibiashara, hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa mshirika wa sukari au wa eritritoli (kiongeza utamu kingine) kuliko ikiachiwa mzigo wote.

Ndimu, baridi na gesi vinabadilisha utabiri?

Vinabadilisha sana. Ukali wa ndimu, ukwaju au asidi ya sitriki hupunguza utamu unaohisiwa, na utamu nao hupunguza ukali. Kinywaji chenye daraja la 10 katika maji kinaweza kuonwa kama 8 kikishatiwa ndimu ya kutosha. Baridi hupunguza utamu wa sukari, na gesi ya soda huongeza ukali wake yenyewe. Haya yote hayaathiri dutu zote kwa kadiri moja, ndiyo maana jaribio la mwisho lazima lifanywe katika kinywaji chenyewe, kikiwa katika joto ambalo mnywaji atakinywea.

Daraja likilingana, ladha italingana?

Hapana. Daraja linaeleza ukubwa wa utamu, haliangalii mwendo wake mdomoni. Asesalfemu K huanza haraka na kuondoka mapema. Aspatamu huchelewa kidogo na kubaki. Sukralosi na stevia hubaki zaidi, na taumatini, inayotokana na tunda la mmea wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati, hukawia kuanza na huendelea hata baada ya kinywaji kumezwa. Mchanganyaji mzuri hutafuta jozi ambayo mwanzo wa mmoja unaziba pengo la mwingine, ili mwendo mzima ufanane na wa sukari. Hakuna mlinganyo kati ya ile iliyotajwa hapa unaolishughulikia jambo hili.

Utabiri utabaki kuwa sahihi baada ya miezi mitatu ghalani?

Inategemea dutu. Aspatamu huvunjika polepole ndani ya maji. Hali inayoifaa zaidi ni pH (kipimo cha uasidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ya karibu 4.3, ambapo nusu yake huwa bado ipo baada ya takriban siku 300 katika nyuzi 25. Soda za kola zina pH ya chini kuliko hapo, na ghala la Dar es Salaam au Mombasa lina joto kubwa kuliko hilo, kwa hiyo upotevu huwa wa kasi zaidi. Asesalfemu K na sukralosi hustahimili. Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa aspatamu na asesalfemu K hubadilika uwiano kadiri unavyokaa, ukielekea upande wa asesalfemu K. Kokotoa daraja mara mbili: la siku ya kujaza chupa, na la siku ya mwisho ya kuuzwa, ukiwa umepunguza aspatamu. Mtu anayeoka mikate au keki aiache aspatamu kabisa.

Kwa nini vinywaji vingine vina sukari na viongeza utamu kwa pamoja?

Mara nyingi ni kwa sababu ya kodi. Afrika Kusini, tangu Aprili 2018, hutoza ushuru kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Uingereza ilianza mwezi huohuo, ikiwa na mpaka wa kwanza katika gramu 5 na wa pili katika gramu 8. Mtengenezaji aliyekuwa na gramu 10 hushuka chini ya mpaka, kisha hujaza pengo la daraja la 5 au 6 kwa viongeza utamu. Kiufundi ni mpango mzuri: viongeza utamu vinatumika katika kiwango cha chini, mahali ambapo vina nguvu, uchungu wao ni mdogo na utabiri wake ni wa kuaminika zaidi, huku sukari iliyobaki ikitoa uzito wa kinywaji mdomoni.

Kuchanganya kunaongeza au kunapunguza hatari kwa afya?

Kila dutu ina kikomo chake cha kila siku. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, imeweka miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa aspatamu, na 15 kwa asesalfemu K. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni miligramu 2,400 na 900. Kinywaji chetu cha mfano, chenye 300 na 200 kwa lita, kingefikia kikomo cha asesalfemu K kwenye lita 4.5 na cha aspatamu kwenye lita 8. Kuchanganya kwa hivyo hupunguza kiasi cha kila dutu, ingawa mtengenezaji anapaswa kukagua kila kikomo peke yake. Mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja fenilalanini, hapaswi kutumia aspatamu hata kidogo, na kibandiko kiseme wazi kwamba ina fenilalanini. Mwaka 2023 WHO ilishauri pia viongeza utamu visivyo na sukari visitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito.

Naweza kutumia vipakiti vya mezani kufanya majaribio?

Ni vigumu. Sehemu kubwa ya unga ulio ndani ya kipakiti huwa ni glukosi au maltodekstrini (wanga uliovunjwavunjwa), iliyowekwa ili kipakiti kiweze kushikika na kumwagika. Usipojua miligramu halisi za dutu tamu, mlinganyo hauna cha kushika. Nunua dutu safi ya kiwango kinachofaa kwa chakula, yenye hati ya uchambuzi.

Nina mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja tu. Nitapimaje miligramu 300?

Tengeneza kimiminika cha akiba. Yeyusha gramu 3 za aspatamu katika maji yafikie lita moja. Kila mililita 100 ya maji hayo ina miligramu 300. Fanya vivyo hivyo kwa asesalfemu K katika chupa nyingine. Kwa kuwa mizani inayosoma gramu moja inaweza kukosea hadi nusu gramu, afadhali uazime mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, la sivyo kosa la kupima litazidi tofauti unayoitafuta. Chupa ya aspatamu itumike siku hiyohiyo.

Kisha andaa maji ya sukari ya madaraja ya 6, 7, 8, 9 na 10, yaani gramu 60 hadi 100 katika kila lita iliyokamilika. Changanya kinywaji chako kwa kipimo ambacho kanuni mbili zimekiwekea mipaka, mathalani 6.9 na 9. Wape waonjaji vikombe vyenye namba za kubahatisha, viwili viwili, kimoja cha mchanganyiko na kimoja cha sukari, na swali liwe moja tu: kipi ni kitamu zaidi? Badilisha mpangilio kwa kila mwonjaji, kwa sababu kikombe cha kwanza huchosha ulimi na kukipunja cha pili. Wasukutue kwa maji vuguvugu na kupumzika dakika kadhaa kati ya jozi na jozi, hasa pakiwepo sukralosi au stevia. Daraja la sukari ambalo linawagawanya waonjaji nusu kwa nusu ndilo daraja la mchanganyiko wako. Likiangukia 8, hilo ndilo jibu la jozi hiyo, kwa uwiano huo na ukolevu huo. Ukibadilisha uwiano, kokotoa mipaka upya na uwaite waonjaji tena.